Utabiri wa Rubani, Utabiri wa Mvuvi

Barabara kuu ya kurukia ndege katika Uwanja wa Ndege wa Moi, kule Changamwe, Mombasa, imefuata pepo zetu. Ncha moja imechorwa 03 na ya pili 21, yaani nyuzi 30 na 210 za dira. Ndege hutua kwa kuukabili upepo: kaskazi ikivuma zinaelekea huku, kusi ikishika zinageuza. Upepo wa Mombasa una adabu. Ukijua mwezi, umeujua.

Mei 2024 adabu hiyo ilivunjwa. Msimu wa vimbunga kusini-magharibi mwa Bahari ya Hindi huhesabiwa umefungwa Aprili 30, lakini kimbunga Hidaya kikajikusanya mashariki mwa Tanzania msimu umekwisha. Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya ikatahadharisha: upepo wa zaidi ya kilomita 70 kwa saa, mawimbi ya kupita mita 2. Mei 3 Rais Ruto akaahirisha kufunguliwa kwa shule kwa sababu ya mafuriko, na kimbunga nacho akakitaja. Uvuvi na kuogelea vikapigwa marufuku. Jumamosi ya Mei 4 Hidaya kikatua kisiwani Mafia, Tanzania, kikiwa kimeshadhoofika, zaidi ya kilomita 400 kusini mwetu. Mombasa ikabaki na mvua zake za kila Mei, na barazani watu wakapata la kucheka.

Mimi nawatetea watabiri, ingawa si kwa kila jambo. Kimbunga huzunguka kwa nguvu inayotokana na mzunguko wa dunia, nayo hufifia karibu na ikweta. Sisi tuko nyuzi 4 tu kusini mwake. Lakini kufifia si kwisha. Zanzibar ilipigwa mwaka 1872, Lindi 1952. Na Mei hiyohiyo ya 2024 kikaja Ialy, kikapita baharini kuelekea kaskazini na kuvumisha upepo mkali pwani ya Kenya. Nani angethubutu kunyamaza?

Ninacholalamikia ni namna ya kusema. Utabiri wa uwanja wa ndege huandikwa kwa msimbo mfupi, na msimbo huo una mahali pa shaka: PROB30 au PROB40. Ngurumo ikiwa na uwezekano wa asilimia 40, rubani huambiwa hivyo hivyo, naye hupakia mafuta ya kumfikisha uwanja mwingine, tuseme Nairobi. Akitua Changamwe jua likiwaka, hamwiti mtu mwongo.

Mvuvi wa Likoni huambiwa kimbunga kinakuja, kisha huambiwa hakiji tena. Naye ana hesabu zake: siku asiyotoka ni siku bila kitoweo, na deni la petroli ya mashine liko palepale. Kupima bahati na hasara ndiyo kazi yake tangu utoto. Vikundi vya usimamizi wa fukwe, BMU, vipo, simu za wanachama zinapokea ujumbe, na kuongeza asilimia kwenye ujumbe hakuli hata herufi kumi.