Bolivia: Vinara Sita vya Nchi Isiyo na Bahari

Bolivia ina eneo la zaidi ya kilomita za mraba milioni 1, lakini sensa ya mwaka 2024 ilihesabu watu milioni 11.3 tu. Pamoja na uchache wao, wanashikilia rekodi za kutosha.

1. Makao ya serikali yaliyo juu kuliko yote. La Paz iko takriban mita 3,640 juu ya usawa wa bahari. El Alto, mji jirani, umepita mita 4,000. Mgeni akipanda ngazi chache tu, pumzi zinamwishia.

2. Usafiri wa waya. Mi Teleférico, mtandao wa La Paz na El Alto ulioanza mwaka 2014, una njia 10 zenye urefu wa kilomita 30 na ushei, na hakuna mji wenye mtandao mkubwa kuliko huo. Akina mama wa jamii ya Waaymara, kofia za duara kichwani na mizigo mgongoni, hupita angani huku foleni ya magari ikisota chini yao.

3. Lugha rasmi 37. Katiba ya mwaka 2009 inataja Kihispania na lugha 36 za wenyeji.

4. Jeshi la majini. Vita na Chile, vilivyoanza mwaka 1879, viliinyang'anya Bolivia pwani yake. Hata hivyo ina maelfu ya wanamaji, wengi kuliko nchi yoyote isiyo na bahari. Hulinda mito na ziwa Titicaca.

5. Njugu za Brazil. Jina linadanganya: Bolivia ndiyo inayoongoza kuziuza nje. Huokotwa msituni, katika mikoa ya Pando na Beni.

6. Chumvi na lithiamu. Salar de Uyuni, uwanda wa chumvi wa kilomita za mraba zaidi ya 10,000, ndio mkubwa kuliko wote duniani. Katika kijiji cha Colchani, pembeni mwa uwanda huo, vibarua hukwangua chumvi na kuirundika ichuje maji kabla ya kupakiwa kwenye malori. Chini ya chumvi hiyo kuna maji yenye lithiamu, madini ya betri. Makadirio ya Marekani yanaipa Bolivia tani milioni 20 na zaidi, miongoni mwa akiba kubwa kabisa duniani; ila Chile na Argentina zinauza zaidi kwa mbali, kwani maji ya Uyuni yamejaa magnesiamu na mvua huchelewesha ukaushaji.

Uyuni iko katika mkoa wa Potosí, ambako fedha iliyogunduliwa mwaka 1545 iliitajirisha Hispania na kuwaacha wenyeji maskini. Ndiyo maana mwaka 2019 wananchi waliandamana wakidai mrabaha mkubwa zaidi, na serikali ikaufuta mradi wa lithiamu ulioshirikisha kampuni ya Ujerumani.