Mama anataka kusomea uuguzi? Familia ianze na cheti, kisha ipange zamu za nyumbani

Mwanza. Mama wa watoto wawili anaposema nyumbani kwamba anataka kusomea uuguzi, swali la kwanza huwa ni ada. Ni swali halali, lakini yapo mambo mawili yanayoweza kuikwamisha safari hiyo hata fedha ikiwepo: alama zake za kidato cha nne, na nani atabaki na watoto akiwa wodini usiku.

Yote mawili yanapangika. Yanachohitaji ni muda, na muda wenyewe ni mrefu kuliko familia nyingi zinavyodhani.

Kitoe cheti kabatini

Stashahada ya uuguzi na ukunga, ambayo wengi huiita diploma, husomwa kwa miaka mitatu. Mwombaji anatakiwa awe na ufaulu wa masomo manne ya kidato cha nne yasiyo ya dini, yakiwamo Kemia, Biolojia na Fizikia. Ufaulu unaanzia D. Hisabati na Kiingereza humwongezea nafasi.

Maana yake ni kwamba mwenye D za Kemia, Biolojia, Fizikia na Kiswahili anaweza kuomba, wakati mwenye B ya Historia na C ya Jiografia, lakini ana F ya Fizikia, hawezi. Ila kuwa na sifa hakumhakikishii mtu nafasi, kwa kuwa waombaji huwa wengi na wenye alama za juu hutangulia.

Anayelenga shahada, kama ile inayotolewa na Chuo Kikuu cha CUHAS kilichopo Bugando, hupitia kidato cha sita kwa masomo ya sayansi, au humaliza stashahada ya uuguzi kwanza akiwa na wastani mzuri. Kwa mzazi ambaye hakufika kidato cha sita, njia ya stashahada ndiyo iliyo karibu.

Hesabu ya miezi 20

Aliyekwama kwenye somo moja au mawili anaweza kurudia mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea. Hapo ndipo kalenda inapowashtua wengi.

Usajili wa Baraza la Mitihani hufanyika mwanzoni mwa mwaka, mtihani ni Novemba na matokeo hutoka Januari inayofuata. Dirisha la maombi ya vyuo vya afya hufunguliwa katikati ya mwaka, na masomo huanza kati ya Septemba na Oktoba. Kuanzia kujisajili hadi kuingia darasani ni takriban miezi 20. Aliyeamua mwezi Mei, usajili ukiwa umefungwa, husubiri mwaka mwingine.

Kwa aliyeacha shule kabla ya kidato cha nne, mlango upo. Tangu Novemba 2021 Serikali inawaruhusu wasichana waliokatisha masomo kwa ujauzito kurudi shuleni. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, yenye ofisi mkoani Mwanza, husimamia masomo ya sekondari nje ya mfumo wa kawaida. Aliyevuka umri wa kukaa darasani na watoto aanze kuuliza huko.

Muda huo wa kusubiri usipotee bure. Chanjo ya homa ya ini aina ya B hutolewa kwa dozi tatu ndani ya miezi sita, na mwanafunzi wa uuguzi atagusa damu na sindano. Ni vyema aingie chuoni akiwa ameimaliza.

Zamu zinaanzia nyumbani

Uuguzi hausomwi kwa vitabu peke yake. Mwanafunzi hupelekwa wodini kwa mafunzo ya vitendo, na wodi haina sikukuu. Kuna zamu za asubuhi, jioni na usiku, na anayekosa saa za vitendo hulazimika kuzifidia.

Anayeishi Buhongwa au Igoma na kufanya mafunzo Bugando au Sekou Toure anatoka na daladala za alfajiri, kabla watoto hawajaamka. Basi ratiba ya chuo ibandikwe ukutani, na kando yake iwepo ya nyumbani: nani anaamsha watoto, nani anawapeleka shule, nani analala nao mama akiwa zamu ya usiku.

Baba awe wa kwanza kwenye orodha hiyo. Bibi na shangazi wasaidie, lakini waombwe mapema na waambiwe ukweli kwamba ni miaka mitatu. Shangazi aliyedhani anakuja kwa likizo moja atachoka kabla ya mwaka wa kwanza kuisha.

Kwa anayenyonyesha, maziwa yaliyokamuliwa kwa usafi yasikae zaidi ya saa nne nje ya jokofu. Mji ukiwa na joto, muda huo hupungua. Kama nyumbani hakuna jokofu, huenda kuahirisha mwaka mmoja kukawa nafuu kwa mama na mtoto.

Umbali nao ni hesabu. Aliyeko Sengerema sasa anapita Daraja la J.P. Magufuli, lililofunguliwa Juni 2025, badala ya kupanga foleni ya kivuko Kigongo. Wa Ukerewe bado lazima avuke maji. Huyo apange bweni au chumba mjini, na familia ikubaliane ni mara ngapi atarudi Nansio.

Fedha na matapeli

Ada iandikwe pamoja na sare, viatu, bima ya afya, nauli, chakula na ada za mitihani. Mama anayeuza dagaa Mwaloni, Kirumba, aongeze kipato atakachokikosa kwa kufunga meza yake. Hicho husahaulika, na ndicho huleta ugomvi mwaka wa pili.

Tangu mwaka wa masomo 2023/24, Bodi ya Mikopo hukopesha pia wanafunzi wa stashahada katika fani kadhaa, afya ikiwamo. Vigezo vyake hugusa pia mwaka wa kuhitimu, hivyo mwongozo usomwe kabla ya kuutegemea mkopo.

Kabla ya kulipa hata shilingi moja, hakikisha chuo kimesajiliwa na NACTVET na kozi yenyewe imeidhinishwa. Bila hilo, mhitimu hatapata usajili na leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga, na bila leseni haruhusiwi kumhudumia mgonjwa.

Wiki hii familia inaweza kufanya jambo moja lisilo na gharama: kukitoa cheti cha kidato cha nne, kukisoma pamoja mezani, na kuzungushia kalamu masomo ya kurudia.