Ligi ya Majanga: Mabingwa Watano wa Ramani za Mtandaoni

Ramani za majanga za mtandaoni ni za bure. Ukiwa na simu na bando, unaingia. Kazi yake ni kufuatilia majanga, nayo majanga yana rekodi zake. Tuanze chini, tupande hadi kileleni.

5. Ya haraka: FIRMS
Setilaiti ikinasa moto, ramani hii ya NASA huuonyesha kwa alama nyekundu ndani ya saa 3, takriban safari ya treni ya SGR kutoka Dar hadi Dodoma. Alama moja huweza kuwakilisha mraba wenye upande wa mita 375, zaidi ya viwanja vitatu vya mpira kwa urefu. Na bingwa wa kuungua? Afrika: zaidi ya nusu ya eneo linaloteketea duniani kila mwaka liko kwetu.

4. Wingu refu: Hunga Tonga
Tarehe 15 Januari 2022, volkano hii ya Pasifiki ilirusha majivu na mvuke hadi kilomita 57 angani. Panga Kilimanjaro tisa, mmoja juu ya mwingine: bado hujafika!

3. Radi ndefu: kilomita 829
Oktoba 2017, mmweko mmoja ulitoka mashariki mwa Texas hadi karibu na Kansas City, Marekani. Setilaiti ya GOES-16 iliunasa. Shirika la Hali ya Hewa Duniani liliuidhinisha kuwa rekodi mwaka 2025. Ni kama njia ya Dar hadi Mbeya. Basi huondoka alfajiri na kufika jioni. Radi ilitumia sekunde 7 hivi.

2. Kimbunga king'ang'anizi: Freddy
Mwaka 2023 kilivuka Bahari ya Hindi yote kutoka upande wa Australia, kikaipiga Madagaska, kikaipiga Msumbiji mara mbili, kisha kikaangusha mvua ya maafa Malawi. Kilidumu siku 36: funga Ramadhani ya siku 30, ongeza sita za Shawwal.

1. Tetemeko kuu: Chile
Kwenye ramani ya USGS, shirika la jiolojia la Marekani, duara hukua kadiri tetemeko linavyozidi nguvu. Kubwa kuliko yote yaliyowahi kupimwa ni la 22 Mei 1960: kipimo 9.5. Lile la Ziwa Tanganyika la Desemba 2005, lililotikisa hadi Nairobi, lilikuwa 6.8. Tofauti ya 2.7 inaonekana ndogo, lakini kila namba moja huzidisha nishati takriban mara 32. Yangehitajika matetemeko zaidi ya 10,000 ya Tanganyika kuifikia Chile moja. Zaidi ya miaka 60 imepita, na kombe halijahama!