Kadi ya safari ya dola 795: Piga hesabu kwanza

Mwaka 2016, benki ya Chase ya Marekani ilipoanzisha kadi ya mkopo ya Sapphire Reserve, ada yake ilikuwa dola 450 kwa mwaka. Mwaka 2020 ilipanda hadi dola 550, na Juni 2025 ikafika 795. Je, kadi hiyo inalipa?

Hesabu yake ni kama ya ng'ombe wa maziwa: gharama ya malisho haikwepeki, lakini maziwa hutegemea mfugaji.

Kwanza, angalia kinachorudi. Kadi hiyo humrejeshea mteja hadi dola 300 kwa mwaka alizotumia kwa safari, kama vile nauli ya ndege na hoteli. Kwa msafiri, zinabaki dola 495 za kufidia.

Pili, hesabu faida utakayoitumia tu. Ukumbi wa mapumziko uwanja wa ndege humfaa anayesafiri mara kwa mara. Anayekuja Dar es Salaam kusalimia wazazi kila baada ya miaka miwili ataufaidi kidogo. Pointi nazo, ukizikadiria senti moja kila moja, zinahitajika 49,500 kufidia dola hizo 495.

Tatu ni deni. Riba ya kadi za aina hii mara nyingi huzidi asilimia 20 kwa mwaka. Hata kwa asilimia 20, deni la dola 3,000 likikaa mwaka mzima hula dola 600. Hapo faida yote imekwisha.

Kwa hiyo, asiyeweza kulipa deni lote kila mwezi atafute kadi isiyo na ada.