Sahani ya Shuleni na Sufuria ya Nyumbani

Ikiwa uko Kibera, kuanzia Laini Saba hadi Kianda, au uko Kawangware, pale Gatina ama stendi ya 56, kipindi hiki ni chako. Endelea tu na kazi yako ya jikoni, lakini ongeza sauti ya redio kidogo. Leo tunazungumza juu ya chakula ambacho mtoto hupewa shuleni. Kinamsaidia vipi? Na mama au mlezi anabaki na kazi gani?

Kwa nini mtoto ale shuleni?

Ubongo wa mtoto unahitaji nguvu kutoka kwa chakula kama vile jiko linavyohitaji makaa. Mtoto akitoka nyumbani asubuhi na mapema akiwa amekunywa chai ya rangi peke yake, ikifika saa nne makaa yamekwisha. Anasinzia darasani, hasikii mwalimu anasema nini, na pengine anaitwa mvivu. Huyo si mvivu, ana njaa. Mtoto anayejua kuna chakula saa ya mchana huja shuleni kila siku, na hata yule anayejua nyumbani hakuna kitu ana sababu ya kubaki masomoni.

Jambo hili si geni hapa Kenya. Wengi wetu tunakumbuka maziwa ya Nyayo, yaliyoanza kugawiwa shule za msingi mwaka wa 1979 wakati wa Rais Moi. Mwaka wa 1980 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilianza kusaidia shule za sehemu kame, na baadaye likafikia pia shule kadhaa za mitaa ya mabanda ya Nairobi. Mwaka wa 2009 serikali ilianzisha mpango wake, ambapo shule hununua vyakula vinavyolimwa na wakulima wetu wenyewe. Ilipofika mwaka wa 2018, shirika hilo lilikuwa limeikabidhi serikali kazi hiyo.

Kisha mwaka wa 2023, Kaunti ya Nairobi ilianzisha mpango wa Dishi na County kwa ushirikiano na shirika la Food4Education. Chakula hupikwa katika majiko makubwa, kisha hupelekwa shuleni kwa gari. Mzazi hulipa shilingi 5 kwa sahani moja. Mtoto huvaa bangili mkononi, anaigusisha kwenye mashine, na anapewa sahani yake. Hakuna pesa ya kupotea njiani wala ya kununulia peremende. Mpango huu ulianza kwa ajili ya shule za msingi za umma na za chekechea za kaunti.

Sahani hiyo ina faida gani?

Tuchukue githeri. Mahindi yanatia nguvu, lakini protini yake, yaani kile kinachojenga mwili, ina upungufu. Maharagwe yanajaza upungufu huo. Vikiliwa pamoja, mwili wa mtoto unapata vifaa vya kujenga misuli na damu, bila nyama. Ni vivyo hivyo kwa wali na ndengu. Kwa hiyo mama, usidharau githeri ukidhani ni chakula cha maskini. Ni chakula kizuri sana, hasa kikiwa na mboga ya kijani.

Sahani moja si siku nzima

Sasa msikilizaji, tupige hesabu. Wiki ina siku saba. Mtoto akila mara tatu kwa siku, hiyo ni milo 21. Shule inampa mlo mmoja kwa siku tano, yaani milo mitano. Milo 16 inayobaki inatoka wapi? Inatoka kwa sufuria yako. Hapo ndipo tunapoona mambo matatu yanayoharibu faida ya chakula cha shuleni.

Jambo la kwanza ni kufuta uji wa asubuhi. Mlezi anasema, "Atakula huko shuleni." Jioni naye anapakuliwa kidogo kwa sababu mchana alikula. Mwishowe mtoto hajaongezewa chakula, amehamishiwa tu mahali pa kula. Chakula cha shuleni kinapaswa kuongeza, si kuchukua nafasi ya kile cha nyumbani. Kikombe cha uji wa wimbi kabla ya shule kinatosha kumfikisha saa ya mchana.

Jambo la pili ni kumsahau mdogo wake. Nchini Kenya, utafiti wa kitaifa wa mwaka wa 2014 ulionyesha kwamba watoto 26 kati ya kila 100 walio chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa, yaani ni wafupi kuliko umri wao. Mwaka wa 2022 walikuwa 18 kati ya 100. Tumepiga hatua, lakini kudumaa huanza mapema, tangu mimba hadi mtoto afikishe miaka miwili. Wakati huo hajaijua shule, na sahani ya shule haiwezi kurudisha miaka hiyo. Kwa hiyo, pesa unayookoa kwa sababu mkubwa amekula shuleni, mnunulie mdogo yai, omena au parachichi. Mtoto akifika miezi sita aanze chakula laini huku akiendelea kunyonya mpaka miaka miwili au zaidi. Kuanzia miezi tisa ale mara tatu au nne kwa siku. Uji wake uwe mzito wa kubaki kwenye kijiko, si maji yenye rangi ya unga.

Jambo la tatu ni likizo na siku zisizo za shule. Mnakumbuka mwezi wa tatu mwaka wa 2020, shule zilipofungwa kwa sababu ya korona, na madarasa yote hayakurudi hadi Januari 2021. Watoto waliotegemea sahani ya shule walibaki na sufuria ya nyumbani pekee. Kila likizo ni hivyo kwa kiasi fulani. Weka akiba kidogo kabla shule hazijafungwa, hata kama ni kilo mbili za maharagwe.

Ukinunua kadogo kadogo

Najua wengi wetu tunanunua vitu vya kupima, kulingana na kibarua cha siku. Hata hivyo unaweza kuchagua vizuri. Maharagwe yaliyochemshwa yanayouzwa kando ya barabara huokoa makaa; yanunue yakiwa moto, kisha uyachemshe tena nyumbani. Ukipika mwenyewe, yaloweke usiku kucha, umwage yale maji. Yataiva haraka na mwili utafaidi madini ya chuma yaliyomo. Osha sukuma wiki kabla ya kuikata, na usiipike mpaka ibadilike rangi. Kipande cha chungwa baada ya chakula husaidia mwili kupokea madini ya chuma. Chai huyazuia, kwa hiyo usimpe mtoto chai pamoja na chakula.

Kumbuka pia mikono. Mtoto anayehara anapoteza kile alichokula. Mfundishe kunawa kwa sabuni kabla ya kula na baada ya kutoka chooni. Apewe dawa ya minyoo kila miezi sita. Walio chini ya miaka mitano hupata dawa hiyo na vitamini A wakati wa Malezi Bora, mwezi wa tano na wa kumi na moja.

Na shule isiyo na chakula?

Watoto wengi wa Kibera na Kawangware wanasoma katika shule za kijamii, zile za mabati, ambazo si za serikali. Ikiwa shule yenu haina chakula, msikae kimya. Ulizeni katika mkutano wa wazazi. Mnaweza kuanza na uji wa saa nne, kila mzazi akichanga kidogo kwa wiki, na kamati ya wazazi itunze daftari la pesa ili kila mtu aone zilivyotumika. Anayepika awe na cheti cha afya, na maji yawe safi.

Dalili za hatari

Mlete mtoto kliniki upesi ukiona miguu imevimba, mbavu zinaonekana, nywele zimebadilika rangi na kung'oka kwa urahisi, au amekataa kula. Mhudumu wa afya ya jamii akipita mlangoni kwako na utepe wa kupima mkono, mruhusu ampime mtoto wa miezi sita hadi miaka mitano. Kijani ni salama. Njano ni onyo. Nyekundu ni kwenda kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Mambo ya kukumbuka

1. Chakula cha shuleni ni nyongeza. Uji wa asubuhi na chakula cha jioni vibaki pale pale.
2. Mkubwa akila shuleni, mdogo aongezewe nyumbani.
3. Nafaka, maharagwe au ndengu, na mboga ya kijani: vitatu hivi vikutane kwenye sahani.
4. Jiandae kabla ya likizo.

Maswali ya kujadili katika kikundi chenu

Je, wiki iliyopita mtoto wako alikula nini kabla ya kwenda shule? Shule yake inapika nini, na nani anakagua jiko? Mtoto mdogo aliyebaki nyumbani alikula mara ngapi jana?

Mwambie na jirani yako.