Ufupi wa mtoto usisingiziwe ukoo

MAMA anayevuka Kobero au Mugina na mtoto mgongoni huuliza kwanza kama Burundi hospitali ni za kulipia. Jibu lake ni zuri. Mei 1, 2006, siku ya wafanyakazi, Rais wa wakati huo, Pierre Nkurunziza, alitangaza kuwa watoto wa chini ya miaka 5 watatibiwa bure, na wajawazito watajifungua bure, katika vituo vya serikali. Mwanzoni vituo vilifurika na dawa zikaisha. Mwaka 2010 mpango huo uliunganishwa na ule wa kukilipa kila kituo kulingana na kazi inayofanyika, ndipo ukapata nguvu.

Hata hivyo, matibabu bure humfaa mtoto aliyekwisha kuugua. Wengi wa Burundi hawaonekani wagonjwa hata kidogo. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2016 na 2017 ulikuta kuwa kati ya watoto 100 wa chini ya miaka 5, 56 walikuwa wafupi kuliko umri wao. Waliokonda walikuwa 5 tu. Mwaka 2010 wafupi walikuwa 58. Bujumbura mjini kuna nafuu, lakini katika uliokuwa mkoa wa Muyinga, ambako ndiko Kobero iliko, hali ilikuwa mbaya zaidi.

Pale Buyenzi, mtaa wa Bujumbura ambako Kiswahili hakihitaji mkalimani, mama mmoja aliyerudi kutoka kambi ya Nduta alinionyesha mwanawe wa miaka 3. Mkono wa mtoto ulikuwa umepimwa kwa ule utepe wa rangi, ukaangukia kwenye kijani. Kisha akapimwa urefu, akaambiwa mtoto amedumaa. Mama hakukubali. Kwao wote ni wafupi, alisema.

Nilimwelewa, lakini ukoo unasingiziwa mengi. Utepe hutafuta mtoto aliyekonda. Mkono ukiwa chini ya milimita 115 ni hatari, ahitaji tiba haraka. Kati ya 115 na 125 anaangaliwa kwa karibu. Kimo hakipimwi kwa utepe huo. Kimo huharibika polepole, tangu mimba hadi mtoto anapofikisha miaka 2, na baada ya hapo kukirudisha ni kazi ngumu sana.

Ndiyo maana mpango ninaoupenda zaidi ni ule unaojulikana kwa Kifaransa kama FARN. Akina mama wa kilimani hukutana kwa siku 12 nyumbani kwa mwenzao, ambaye ni maskini kama wao ila watoto wake wana afya. Huitwa 'maman lumière', yaani mama mwanga. Kila mmoja huja na alichonacho: maharage, lengalenga, ndagala, mafuta ya mawese. Wanapika pamoja na kulisha watoto hapo hapo. Hakuna lori la msaada, na mimi naona hapo ndipo penye nguvu yake, kwa sababu lori likiondoka chungu kinabaki.

Lakini chungu kinataka kitu cha kutia. Waliorudi kutoka Tanzania kuanzia mwaka 2017 walipewa chakula cha miezi 3, na shamba halizai kwa haraka hiyo, kama shamba lenyewe lipo. Serikali na Benki ya Dunia walianzisha mradi wa Merankabandi, maana yake "uwe kama wengine", uliowapa fedha akina mama wa kaya maskini pamoja na mafunzo ya lishe. Ulianzia Gitega, Karusi, Kirundo na Ruyigi, si kila kilima.

Wafanyabiashara nao wamo, hata kama hawajioni. Ndagala huliwa mzima na mifupa yake, na kwa mtoto konzi moja iliyosagwa kwenye uji ni mali. Tanzania ilipofunga uvuvi wa Ziwa Tanganyika kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, 2024, aliyekuwa na gunia alijua ameshika nini. Zile pakiti za karanga za tiba, kwa upande mwingine, ni dawa ya mtoto aliyekonda. Zisipangwe mezani sokoni.

Anayejiandaa kurudi aweke kadi ya kliniki ya kambini mahali pa kufikika, si chini ya magodoro. Na mwenye mimba aende kituo cha afya mapema, asingoje uchungu.