Wasomi wa Bungoma na Kitale na Kazi Walizozifanya

Msafiri atokaye Webuye kwenda Kitale hupita Matulo, mahali penye mashamba ya mahindi na miwa na kiwanja kidogo cha ndege. Mbele yake ni nchi ya Trans Nzoia, ambayo zamani ilikuwa mashamba ya masetla wa Kizungu. Nyuma yake ni Bungoma, nchi ya Wabukusu na jirani zao. Siku hizi kijana wa Matulo aliyefaulu mtihani wa sekondari aweza kusoma mpaka akavishwa joho la digrii bila ya kuvuka mpaka wa kaunti yake. Jambo hilo ni jipya. Wako wazee wanaokumbuka siku ambazo maneno "chuo kikuu" yalikuwa na maana ya kuvuka bahari, au kwa uchache, kupanda gari la moshi mpaka Kampala.

Kampala ndiko kulikokuwa na Makerere. Skuli hiyo ilianzishwa mwaka 1922 kufundisha kazi za mikono, nayo ikakua hata mwaka 1949 ikawa chuo kikuu chini ya ulezi wa Chuo Kikuu cha London. Kenya haikuwa na chuo cha namna hiyo. Chuo cha Ufundi cha Kifalme mjini Nairobi kilipokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1956 tu, nacho hakikuitwa chuo kikuu mpaka mwaka 1961. Nafasi za Makerere zilikuwa chache, na nchi zilizozigombea zilikuwa nyingi. Aliyezikosa ilimpasa ama kurudi nyumbani akawe karani au mwalimu, ama kutafuta njia nyingine ya mbali zaidi.

Bwana Masinde Muliro alikuwa mmoja wa waliotafuta njia ya mbali. Alizaliwa mwaka 1922 huko Matili, karibu na Kimilili, akasoma katika skuli za misheni Kenya na Uganda. Mwaka 1949 alikwenda Afrika ya Kusini kuingia Chuo Kikuu cha Cape Town. Msomaji na aufikiri mwaka huo vizuri. Chama cha Makaburu kilikuwa kimekwisha kushika serikali tangu mwaka 1948, na sheria za kuwatenga watu kwa rangi zilikuwa zikitungwa moja baada ya nyingine. Chuo cha Cape Town kilikuwa bado kinapokea Waafrika wachache. Mwaka 1959 sheria iliwafungia mlango. Kwa hiyo Muliro alipita wakati mlango ungali wazi kidogo. Alisoma historia, falsafa na elimu ya ualimu, akapata digrii yake mwaka 1953. Mambo aliyoyaona nje ya darasa, katika mabasi na mabarabara ya mji ule, huenda yalimfundisha sawa na yale yaliyokuwa vitabuni, kwani aliporudi Kenya mwaka 1954 hakuwa mtu wa kutishika upesi.

Alipofika nyumbani alishika kazi ya ualimu, kwanza katika Skuli ya Wasichana ya Alliance, kisha katika Chuo cha Walimu cha Siriba. Kazi hiyo hakukaa nayo sana. Mwezi wa Machi 1957 Waafrika wa Kenya walipewa kwa mara ya kwanza haki ya kuchagua wajumbe wao katika Baraza la Kutunga Sheria. Viti vilikuwa vinane tu kwa nchi nzima. Kura yenyewe ilipimwa kwa mizani ya ajabu: mtu mwenye elimu, au mali, au utumishi wa miaka mingi, aliweza kupewa kura zaidi ya moja, mpaka tatu, na asiyekuwa na sifa yo yote kati ya hizo hakuwa na kura. Katika uchaguzi huo mwalimu wa Siriba alisimama Nyanza ya Kaskazini akamshinda Bwana W. W. W. Awori, mwandishi wa magazeti aliyejulikana sana na aliyekuwa tayari ndani ya Baraza. Wenzake Muliro katika wale wanane walikuwa pamoja na Tom Mboya, Oginga Odinga, Ronald Ngala na Daniel arap Moi. Mtu aweza kusema kwamba hapo ndipo wilaya ilipoanza kupata faida ya ile safari ya Cape Town.

Lakini kipimo cha elimu ya Muliro hakikuonekana wazi katika kushinda uchaguzi, maana watu wengi wasio na digrii wamekwisha kushinda uchaguzi. Kilionekana mwaka 1975. Mwezi wa Machi mwaka huo mbunge J. M. Kariuki aliuawa, na Bunge likaunda kamati ya kuchunguza kifo chake. Taarifa ya kamati ilipoletwa Bungeni mwezi wa Juni, Serikali haikutaka ikubaliwe. Muliro wakati huo alikuwa Waziri wa Ujenzi. Waziri hutarajiwa kupiga kura pamoja na Serikali, na kila mtu alijua malipo ya kufanya kinyume. Muliro alipiga kura taarifa ikubaliwe, akafukuzwa kazi mara moja. Pamoja naye walifukuzwa mawaziri wadogo wawili, Peter Kibisu na John Keen. Mshahara, gari na bendera vikaondoka kwa kura moja. Aliendelea na siasa, mwaka 1991 akawa mmoja wa waanzilishi wa FORD waliodai vyama vingi, na tarehe 14 Agosti 1992 akafariki katika uwanja wa ndege wa Nairobi alipokuwa akirejea kutoka London.

Baada yake walifuata wengine, kila mmoja kwa njia yake. Michael Kijana Wamalwa, aliyezaliwa mwaka 1944 karibu na Kimilili, alipata msaada wa masomo wa Jumuiya ya Madola, akaenda Cambridge kusoma sheria katika chuo cha King's. Alirudi akafundisha sheria katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Mwaka 1979 watu wa Kitale Magharibi walimpeleka Bungeni. Wamalwa alikuwa msemaji hodari. Hata waliompinga walipenda kumsikiliza, na mizaha yake ilisimuliwa sokoni siku nyingi baada ya yeye kuketi. Alishika uongozi wa Ford-Kenya baada ya kifo cha Oginga Odinga mwaka 1994, akawa Makamu wa Rais mwezi wa Januari 2003, na akafariki London mwezi wa Agosti mwaka huo huo, kabla ya kutimiza miezi minane katika kazi hiyo.

Dakta Mukhisa Kituyi wa Mbakalo alipitia njia yenye mawe zaidi. Alifukuzwa katika Chuo Kikuu cha Nairobi kwa sababu ya siasa za wanafunzi. Kwa vijana wengi jambo kama hilo lingekuwa mwisho wa masomo. Yeye alivuka mpaka akaingia Makerere, akapata digrii mwaka 1982, katika Uganda iliyokuwa bado na majeraha ya vita. Kisha alikwenda Bergen, nchi ya Norway, akasoma mpaka udaktari wa falsafa. Alikuwa mbunge wa Kimilili tangu mwaka 1992 hata 2007, na Waziri wa Biashara na Viwanda tangu 2003. Mwaka 2013 aliteuliwa Katibu Mkuu wa UNCTAD, shirika la Umoja wa Mataifa la biashara na maendeleo lililo Geneva, akalishika mpaka mapema mwaka 2021.

Hawa ndio wanaotajwa watu wanapoulizwa juu ya wasomi wa upande huu. Yafaa kuona kwamba wote watatu waliingia katika siasa, na hiyo ni kasoro ya kumbukumbu za watu zaidi kuliko kasoro ya elimu. Mwanasiasa ana gari na kipaza sauti. Mtaalamu wa mbegu ana koti jeupe na daftari, wala hakuna anayempigia vigelegele. Hata wanawake husahauliwa kwa namna hiyo hiyo. Dakta Julia Ojiambo wa Busia, wilaya jirani, aliyekuwa mtaalamu wa lishe na mwalimu wa chuo kikuu, aliingia Bungeni mwaka 1974 akawa mwanamke wa kwanza wa Kenya kushika cheo cha Waziri Mdogo. Lakini vijana wengi wa Bungoma leo hawalijui jina lake.

Na mbegu si jambo dogo katika nchi hii. Mtu akisimama Matulo akatazama pande zote, anaona kazi ya wasomi imesimama shambani. Katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Kitale, mtaalamu Mwingereza Michael Harrison na wenzake walichukua mahindi ya Kenya yaliyochaguliwa hapo hapo Kitale, wakayazalisha pamoja na mahindi yaliyotoka milima ya Ecuador, Amerika ya Kusini. Kutokana na ndoa hiyo ilipatikana mbegu iitwayo H611, iliyotolewa kwa wakulima mwaka 1964. Siri yake ni hii: mimea ya jamii mbili zilizotengana mbali ikichanganywa, watoto wake huwa na nguvu kupita wazazi wote wawili. Lakini nguvu hiyo hupungua katika kizazi kinachofuata, na kwa hiyo mkulima hawezi kuweka sehemu ya mavuno akaipanda mwaka wa pili na kutumaini mavuno yale yale. Humpasa kununua mbegu upya. Ndiyo sababu kampuni ya mbegu, Kenya Seed, iliyoanzishwa Kitale mwaka 1956 kwa kuuza mbegu za majani ya malisho, ikawa kampuni kubwa. Baada ya Uhuru wataalamu wa Kiafrika waliosoma kilimo vyuoni walichukua nafasi katika kazi hizo. Kazi ya kuchagua mbegu ni ya miaka na miaka, ya kufunga mashada kwa mifuko ya karatasi ili chavua ya nje isiingie, ya kupima na kuandika. Majina yao hayakuandikwa mabarabarani, lakini wanakijiji wa Matulo wamekula kazi yao kila siku.

Vyuo navyo vilisogea karibu kidogo kidogo. Chuo Kikuu cha Moi kilifunguliwa Eldoret mwaka 1984. Mwaka 2002 chuo cha Kakamega kilichokuwa kikifundisha ufundi kikafanywa tawi la Moi, na mwaka 2007 kikasimama peke yake kwa jina la Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Masinde Muliro. Kijana wa Matili aliyekwenda mpaka Cape Town kutafuta chuo, sasa chuo kikaitwa kwa jina lake katika nchi yake. Chuo hicho nacho kikapata mtoto: mwaka 2011 tawi lilifunguliwa Kibabii, nje kidogo ya mji wa Bungoma katika barabara ya Chwele, na mwezi wa Novemba 2015 Kibabii ikapewa hati yake ya kuwa chuo kikuu kamili. Hapo hufundishwa ualimu, biashara, sayansi na elimu ya kompyuta, na wanafunzi wengi hutoka katika nyumba ambazo hazijapata kuwa na mtu mwenye digrii.

Gharama haikwisha kwa chuo kuwa karibu. Zamani ukoo uliuza ng'ombe, na kanisa na kijiji vikafanya harambee, ili mtoto mmoja apande ndege. Na mtoto huyo aliporudi alikuwa na deni la heshima kwa watu wote. Siku hizi wanafunzi wengi hukopa kwa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria mwaka 1995, na deni hilo huandikwa kwa jina la mwanafunzi peke yake. Bodi haiulizi kama amepata kazi kwa mjomba au hakupata. Muda ukifika, hesabu huanza.

Na kazi ndiyo yenye mashaka. Msomi wa mwaka 1954 alitafutwa na kazi kabla hajaitafuta. Hata msomi wa mwaka 1980 aliweza kutazama kiwanda cha karatasi cha Webuye, Pan African Paper Mills, kilichohitaji wahandisi, wakemia na wahasibu, au kiwanda cha sukari cha Nzoia kilichoanza kusaga miwa mwaka 1978. Kiwanda cha karatasi kilifungwa mwezi wa Januari 2009. Mwaka 2016 kilipata wenye mali wapya, lakini mji wa Webuye haukurudi kuwa ule wa zamani, na mwanafunzi wa kemia alipoteza mahali pa kujifunzia kazi karibu na kwao. Nzoia nayo imepita miaka mingi ya madeni na ya kuchelewesha malipo ya wakulima.

Basi wengi wa wenye digrii wa siku hizi hurudi katika ile kazi aliyoanza nayo Muliro, yaani ualimu. Hupata namba yao kwa Tume ya Kuajiri Walimu, kisha hungoja kuitwa. Kungoja huko kwaweza kuchukua miaka kadhaa, kwani skuli zina upungufu wa walimu na Serikali ina upungufu wa fedha kwa wakati mmoja. Anayengoja huajiriwa na halmashauri ya skuli ya karibu. Hufundisha hesabu au Kiswahili asubuhi, na jioni hulima kipande cha baba yake. Mshahara wake hautoki Nairobi. Hutoka katika karo ya wazazi, na wazazi wa Matulo hulipa karo wakiuza mahindi. Mahindi yakichelewa kukauka, au bei ikianguka, mwalimu naye hungoja pamoja nao.